Yohana Aliyevutwa

Jumapili ya Matawi, miezi minne baada ya kumzika mama, nilipoteza kitabu kizima cha Yohana. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kanisa letu, upande wa Kinango, lilikuwa la udongo na mabati, na asubuhi ile lilinuka makuti mabichi na vumbi lililonyunyiziwa maji. Mwinjilisti aliniita mbele nisome. Nilifungua Biblia ya mama kwa fahari. Baada ya Luka palikuwa na jalada tu, na katikati yake vipande vya karatasi vilivyochanika kwenye uzi. Watoto wenzangu walicheka. Nilirudi kukaa.

Sikuhitaji kuuliza sana. Tangu msiba, nyumba yetu ilikuwa ikinuka tumbaku ya baba mdogo, ndugu yake baba, aliyehamia kwetu na mbuzi wake. Karatasi ya kusokotea tumbaku ilikuwa shida kupatikana, na ya Biblia ni nyembamba. Nilipokuwa lamboni kuteka maji, yeye alikuwa akichana, akianzia Ufunuo na kurudi nyuma. Nilimlilia Yohana kuliko wote, kwa sababu siku zake za mwisho mama alitaka nimsomee huyo tu, na pembeni ya mistari aliyoipenda alikuwa ametia alama kwa penseli.

Nilimkuta akicheza bao na wenzake wawili.

"Shikamoo, baba mdogo. Karatasi za mama ziko wapi?" Hata kwa hasira ile, shikamoo sikuisahau.

"Marahaba, mwanangu. Yohana?" Alipuliza moshi juu. "Mwororo huyo, hakwaruzi koo. Paulo ndiye aliyenikohoza. Mwambie Yesu wako aje anishike basi, mimi nipo hapa hapa, siendi popote."

Wenzake walicheka hadi kete zikamwagika.

Nilimpelekea mwinjilisti kilio changu. Akasema, "Mwombee, mwanangu. Bwana alitemewa mate na hakurudisha. Sisi tukitukanwa hulipa kwa wema." Niliitikia ndiyo. Kesho yake nilikwenda vichakani kutafuta upupu. Nilifunga mikono kwa mifuko ya nailoni, nikakwangua vinyweleo vya maganda yake, nikavimwaga kwenye shuka ambayo baba mdogo alikuwa akijifunika adhuhuri.

Hakulala hata dakika chache. Aliruka nje akijikuna shingo, mgongo, mapaja, mpaka ngozi ikatoka damu. Zamani mtoto akiguswa na upupu, mama alikuwa akimkanda kwa jivu lililolowekwa, na kila mtu alijua kwamba alinifundisha. Baba mdogo alinijia mbio.

"Mwanangu, ile dawa ya mamako. Nikande."

"Muulize Yohana," nilimwambia, nikaendelea kupepeta mahindi.

Baba alikuwa ameketi mlangoni. Alinitazama, kisha akaenda jikoni kuchota jivu mwenyewe. Hakunipiga. Mimi nilifurahi. Naandika hivi kwa kuwa niliwahi kusimama kanisani nikashuhudia kwamba nilimsamehe, na haikuwa kweli.

Siku hizi nauza nguo Kona ya Musa, mjini Ukunda, na wengi wa kanisani kwetu husoma Biblia kwenye simu. Hakuna awezaye kuivuta. Matusi nayo yamehamia humo humo. Kila siku kuna anayemdhihaki Yesu, na vijana wetu huniuliza wajibu nini. Nawaambia yale niliyoambiwa na mwinjilisti. Lakini viganja vyangu huwasha.

Mwaka huu baba mdogo alifariki. Alikuwa amebatizwa akiwa mgonjwa kitandani, kwa hiyo alizikwa kwa ibada. Mwinjilisti yule yule, sasa ni mzee wa mkongojo, alisema mmoja wa wanafamilia asome Yohana. Nilisimama kabla ya wengine. Biblia ya mama nilikuwa nimeibeba makusudi kutoka Ukunda. Nilifungua Luka, nikageuza kurasa taratibu, nikafika kwenye jalada.

"Hakuna Yohana, mwinjilisti," nilisema. "Marehemu alimvuta."

Mzee alinitazama, kisha akaanza kuitamka mistari ile bila kitabu, ile ile ambayo mama aliitia alama. Alipomaliza waliitika amina. Mimi sikuitika. Jeneza lilipokwisha kuteremshwa, niliokota udongo wa kujaa mkono, nikautupa kwa nguvu.