Saa ya Boti za Asembo

Juzi, katika duka la kuchapisha nyaraka pale Mamboleo, mbele yangu kwenye foleni alisimama binti ambaye huichorea kampuni ya ng'ambo ramani za nyumba kupitia kompyuta. Alikuwa na fomu mbili za viza ya wafanyakazi wa mtandaoni, ya Brazil na ya kisiwa cha Morisi, naye alipaswa kuchagua moja. Kando yake alikuwa mama yake, mchuuzi wa samaki wa Asembo Bay, beseni tupu kwapani.

"Brazil ndiyo nzuri, Mama. Wenzangu wako huko."

"Sawa, nyathina, mwanangu. Na boti zikifika hapa saa kumi na mbili asubuhi, huko ni saa ngapi?"

Binti akatazama simu. "Saa sita usiku."

"Basi utakuwa unaniombea ukikoroma!"

Hapo nikaelewa kwamba kila alfajiri, kabla mama hajagusa samaki, wawili hao hupigiana simu wakaomba pamoja.

"Enda tu," mama akasema, akifuta beseni lisilo na uchafu. "Nitaomba na wavuvi."

"Hao wanaotaja bei kabla ya amina?"

Binti akaikunja fomu ya Brazil, akampa mhudumu ile ya Morisi. "Huko itakuwa saa moja, Mama. Nitakuwa nimeamka."

Mama akaliweka beseni chini, akamkumbatia kwa mikono yote miwili.

Fomu ile, niliyoichungulia bila haya, inauliza kipato, bima na makao. Haiulizi mama yako huamka saa ngapi. Namshukuru binti aliyelijibu swali hilo hata hivyo. Nami niliiacha zamu yangu, nikatoka nje kumpigia mama yangu.

Akashtuka: "Baba, kwani uko mgonjwa?"