Nani Atambeba Mfaume?

Mfaume Kondo wa Buguruni, Mungu amrehemu, alikuwa tarishi wa serikali, mtu wa kupiga pasi sare yake mpaka inzi ateleze. Mwingereza alikuwa amewakataza watumishi wake kujiunga na chama cha kudai uhuru. Mfaume akakata kadi. Ilipojulikana, akavuliwa sare na kazi siku hiyo hiyo.

Kazi haikumuuma sana. Kilichomuuma ni baraza lake kuwa tupu. Jumbe wa mtaa, mtu wa serikali, alikuwa akiangalia nani anakaa na nani, basi majirani wakaanza kupita uchochoro wa nyuma. Salamu za Mfaume zikawa zinajibiwa na kuku.

"Waache, mke wangu," alimwambia Mwanakombo. "Wana watoto wa kulisha. Ila siku yangu ikifika, nani atanibeba?"

Siku ikafika, mwezi wa Rajabu, kwa kichomi. Mwanakombo akachungulia dirishani. Shehe alikuja, waosha walikuja. Wanaume wa mtaa walisimama ng'ambo ya njia wakitazama miguu yao, kwa kuwa jumbe naye alikuwapo, ameegemea baiskeli. Jeneza lilikaa barazani likikosa mabega.

"Ya Rabbi," Mwanakombo akaomba, "asizikwe kama asiye na kwao."

Ndipo alipotokea Tabu, Mnyamwezi muuza chai, mtani wao. Alikuwa amevaa koti la marehemu, kama watani wafanyavyo msibani. Akalala chali mbele ya jeneza.

"Hatoki mtu hapa! Mzaramo huyu mwizi! Kaiba ndimi za mtaa mzima, anaondoka nazo! Nyie Wazaramo, hata kuzika mpaka mpewe ruhusa? Na wewe jumbe, njoo unikamate! Kawaambie wazungu wako, Tabu kalala njiani!"

Mmoja akacheka, kisha wote. Jumbe akatazama pembeni. Mtani hashitakiwi, hata baba yake jumbe alizikwa kwa matusi kama hayo.

Bakari seremala, aliyekuwa akicheza bao na Mfaume zamani, akavuka njia.

"Inuka, mtani, utupishe. Umeshatutukana vya kutosha."

Akatia bega. Wengine wakamfuata, wakigombea nafasi, na tahlili ikapaa. Jeneza lilipofika kona halikuonekana tena kwa wingi wa kofia.

Tabu akaingia ndani akijipangusa vumbi.

"Koti silirudishi, shemeji."

Mwanakombo akacheka huku machozi yakimtoka. "Livae, mtani wangu. Amebebwa."