Tarehe Nane Mei

Katika mtaa wetu nyumba huandikwa kwa namba mbili na mstari wa mshazari katikati: bloki kwanza, kisha mlango. Yetu ni 8/5. Imepakwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango, na baba, aliyekuwa karani wa reli, aliipaka upya kila Desemba mpaka alipofariki. Mama ameishi chini ya namba hiyo zaidi ya miaka arobaini.

Mwaka huu wenye mtaa wakatangaza kwamba nyumba zitabomolewa, na kwamba wapangaji wa zamani ndio watakaopewa vyumba kwanza kwenye magorofa mapya. Wakataka orodha. Kamati ya wapangaji ikanichagua mimi, kwa kuwa nina kompyuta na kazi yangu ni ya ofisi. Nilijiona mtu wa maana, sitadanganya.

Nilijua ile programu ya majedwali ina kiherehere. Ukiandika 8/5, inakata shauri yenyewe kwamba unamaanisha tarehe nane Mei, inakuongezea na mwaka huu, bila kukuuliza. Basi nikaingia kwenye mipangilio nikaizima tabia hiyo. Nikajaribu na bloki ya kwanza, kila mlango ukakaa ulivyo. Kwa siku nne nikaandika bloki saba, macho kwenye daftari la kamati, vidole kwenye namba.

Bloki yetu niliiacha mwisho. Ndivyo nilivyolelewa: iwe harambee, iwe matanga, mwenye kalamu hujiandika baada ya watu wote. Sikutaka mtu akae pale soko la Burma na nyama yake ya kuchoma mbele akisema nilijipendelea.

Siku ya tano nilipofungua kompyuta, programu ilikuwa imejisasisha. Iliniambia kwa furaha kwamba sasa ni bora zaidi. Haikuniambia kwamba imeirudisha ile tabia. Nikaandika milango yetu kumi na miwili bila kutazama kioo, nikatuma orodha ofisini, nikampigia mama simu kumwambia kazi imekwisha.

Orodha ilipobandikwa, jina la mama lilikuwa kwenye karatasi ya pili, ya wapangaji wapya. Tukaenda naye mpaka kaunta ya ofisi ya wenye mtaa.

"Mathe, hapa inasema mliingia May tarehe nane," dada wa kaunta alimwambia mama bila kuinua macho. "Mwaka huu."

"Hiyo ni namba ya nyumba," nikasema. "Bloki ya nane, mlango wa tano."

"Si ni nyinyi mliandika hivi? List imefungwa. Mtangoja ile ya pili."

"Ya pili itatoka lini?"

"Hiyo sijui."

Nikaomba kuiona kwenye kompyuta yake. Watu wa ofisi walikuta tarehe penye namba ya nyumba, wakaisoma kuwa siku ya kuhamia. Bloki yetu nzima ilikuwa imehamia tarehe nane, mlango mmoja kila mwezi, Januari hadi Desemba. Tulikuwa Julai. Jirani wa mlango wa kumi na moja, mama aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, alikuwa bado hajafika mtaani. Hakuna mtu katika ofisi ile aliyeona ajabu.

Nina hasira mpaka leo. Mtu fulani, sijui ameketi wapi, aliamua kwamba anajua ninachotaka kuandika kuliko mimi. Nikimkatalia, anangoja nigeuke, anarudisha mambo yake palepale, kama mgeni anayekupangia vyombo jikoni kwako. Ningemtukana ningejua pa kumpata. Lakini orodha ina jina langu chini, na mimi ndiye niliyeacha kutazama.

Tulirudi kwa miguu kando ya Barabara ya Jogoo. Nikamweleza mama yote: mipangilio, sasisho, jinsi bloki saba zilivyotoka sawa na yetu ikaharibika kwa sababu niliiandika siku ya mwisho. Mama hajawahi kugusa kompyuta. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Tulipofika alitoa ufunguo, akainua macho kutazama ile namba ya baba.

"Si ungeanza na yetu," akasema, akafungua mlango.