Kikapu Kilichokalia Kiti cha Mama Mkwe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu nainamisha uso kana kwamba kuna mtu ananitazama. Sijawahi kuisimulia yote. Mke wangu anaijua, lakini yeye hunikumbusha kile kipande kinachomfaa tu, hasa nikichelewa kutengeneza kitu hapa nyumbani. Leo nakupa yote kwa sababu nimewasikia vijana mnavyojibu simu. Mtu anauliza umefika wapi, unamwambia uko njiani, na shuka bado liko mabegani. Mnacheka. Na mimi nilicheka hivyo hivyo.

Nilikuwa fundi bodi pale Same mjini, na gereji yangu ndogo ilikuwa kando ya barabara kuu, mahali ambapo upepo hauna siku ya kupumzika na vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Sifa yangu ilikuwa milango. Gari likiletwa mlango umegoma kufunguka, wenzangu walikimbilia mtaimbo. Mimi nilisikiliza kwanza. Navuta kishikio cha nje, nasikiliza; navuta cha ndani, nasikiliza tena. Ukisikia kitu kinacheza ndani, loki imeganda. Usiposikia kitu, ule ufito wa chuma unaovuta loki umechomoka. Watu walitoka Mwanga na wengine Kihurio kuniletea milango yao, na nikikuambia sifa hazikunipanda kichwani nitakuwa nakudanganya. Kudanganya ndiko kulikonifikisha kwenye habari hii.

Maana mlango wa pikapu yangu mwenyewe ulikaa miezi minane haufunguki.

Ilikuwa pikapu kuukuu yenye kiti kimoja kirefu mbele. Upande wa abiria, klipu ndogo ya plastiki inayoshika ule ufito ilivunjika, na kwa kuwa gari lilikuwa langu, nikafunga waya. Gari la mteja nisingelifunga waya. Halafu nikajaza grisi kwenye loki, nikijua fika kwamba grisi na vumbi la Same vikikutana vinakuwa udongo wa kufyatulia tofali. Waya ukalegea, loki ikaganda, basi. Aliyetaka kupanda aliingilia upande wangu, akavuka usukani, akavuka gia, akajiburuta mpaka dirishani. Marafiki zangu walifanya utani tu. Kila Jumamosi nilisema nitautengeneza Jumamosi ijayo.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeoa binti wa milimani, kijiji cha juu kabisa, ambako migomba haionekani vizuri mpaka ukungu uondoke. Wajomba zake hawakunitaka. Walisema fundi ni mtu wa barabarani, leo yupo kesho yuko Arusha, na mikono yake haitakati. Aliyenitetea alikuwa mama mkwe. Aliwaambia mbele ya wazee wa ukoo, "Mimi sitazami mikono yake. Huyu kijana akisema jambo, liko hivyo." Mke wangu ndiye aliyenihadithia, na nilitembea nayo hiyo kauli kwa wiki nzima nikiwa nimetanua kifua.

Basi mke wangu akajifungua mtoto wetu wa kwanza, Neema. Desturi ni kwamba mama yake ashuke mjini kumhudumia mzazi mpaka apate nguvu. Baba mkwe akanipigia simu. Wakati ule kijijini kwao mtandao ulipatikana kwenye mwamba mmoja tu juu ya kanisa, kwa hiyo ujue kwamba mzee alipanda kilima na simu ya jirani mkononi ili kuniuliza jambo moja. Aliwahi kupanda pikapu ile kwa kuvuka usukani, na jambo hilo hakulisahau.

"Ule mlango wako umeshautengeneza?"

"Nimeshautengeneza, baba. Unafunguka vizuri."

Sikuona kama nimedanganya. Niliona nimetangulia tu. Ilikuwa Jumatatu, mama alitakiwa kuchukuliwa Jumamosi, na kazi yenyewe naijua. Niliikata ile simu nikarudi kwenye mlango wa mtu mwingine.

Hapa lazima nikueleze kitu, kwa sababu siku hizi mnapiga picha na mama wakwe mmekumbatiana mabega. Kwa wazee wetu, mwanamume na mama mkwe wake walikaa mbalimbali. Hamgusani, hamkai bega kwa bega, humtazami usoni mkizungumza. Suala la yeye kupanda gari nami peke yangu lilikuwa limezungumzwa na wazee, na lilipata jibu: mama atakaa dirishani, na kikapu chake cha chakula kitakaa katikati yetu. Wakaridhika. Wote waliridhika juu ya mlango ambao haufunguki.

Jumanne ilikuja kazi, Jumatano ikaja nyingine. Ijumaa nilishika bisibisi kabisa, halafu akaja mteja mwenye haraka, nikaiweka chini. Jumamosi asubuhi nilivaa shati jeupe na viatu vilivyong'aa. Kisanduku cha vifaa nikakiacha gereji, sikutaka wajomba wanione kama fundi siku hiyo. Njiani nikipanda milima nilijiambia nitasema kitu. Nitasema mlango umegoma ghafla.

Nilimkuta mama mkwe ameshatoka nje. Alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba, na majirani na akina mama wa kanisani walikuwa wamekuja kumsindikiza, wajomba wawili nao wamesimama kwenye kivuli cha paa. Nikasalimia, shikamoo zikaitikiwa. Baba mkwe akachukua kikapu, akaenda moja kwa moja upande wa abiria, akavuta kishikio. Akavuta tena. Akakiweka kikapu chini, akavuta kwa mikono miwili.

Nilikimbia upande wa pili nikasukuma kwa bega kutoka ndani. Nikapiga kwa kiganja, nikalala kwenye kiti nikasukuma kwa miguu yote miwili na viatu vyangu vinavyong'aa. Mlango ulikuwa kimya. Nilijua utakuwa kimya. Niliigiza tu, mwanangu, mbele ya watu wazima waliokuwa wakinitazama kwa huruma, na mpaka leo kuigiza kule kunaniumiza kuliko mengine yote.

Nikashuka nikiwa natoka jasho. Kisha nikasema neno ambalo sijui lilitokaje kinywani mwangu. Nilisema, "Mama, labda upitie huku kwangu."

Upitie huku maana yake mwanamke wa umri wake akunje nguo mpaka magotini, atanue mguu kuvuka gia, mbele ya mkwe wake na wajomba na akina mama wa kanisani. Mjomba mmoja aligeuka akatazama migomba. Mama mkwe hakunitazama. Alimwambia mumewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kikapu kikae mbele. Chakula cha mzazi kisiingie vumbi." Halafu akazunguka nyuma, akaomba kigoda, akapanda kwenye bodi ya pikapu, akatandika kanga juu ya gurudumu la akiba, akakaa.

Nilishuka milima ile nikiwa nimekaa mbele na kikapu. Kilikaa dirishani, kwenye kiti chake, kimefunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa, na harufu ya makande ilinifikia. Kila kona nilimwona kwenye kioo, ameshika ubavu wa gari kwa mkono mmoja na kilemba kwa mkono mwingine. Kila kijiji tulichopita watu walimwamkia, wakamtazama aliko, wakanitazama niliko. Niliendesha polepole ili asirushwe, na kwa sababu ya polepole ile watu walipata muda wa kutosha wa kututazama. Tulipofika tambarare upepo ukatupokea. Alipoteremka Same hukuweza kujua kitenge kilikuwa rangi gani. Alioga kwanza, akabadili nguo, ndipo akamshika mjukuu wake.

Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Siku ya tatu nilikuwa nakula chakula cha mchana kibarazani, naye akasimama ndani ya mlango wa jikoni, ametazama pembeni kama ilivyopasa.

"Baba Neema," akasema, "milango ya watu huwa unaifungua kwa muda gani?"

"Mingine nusu saa, mama."

"Nusu saa," akarudia, akarudi kukoroga chungu chake.

Sikumaliza kula. Nilikwenda kwenye pikapu, nikafungua kava la ndani, nikaingiza mkono mpaka kwenye loki. Nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaibonyeza kwa bisibisi, ikaachia. Waya nikautupa, nikaweka klipu nzima niliyokuwa nayo kwenye kopo tangu siku ya kwanza. Haikufika nusu saa. Nilikaa pale mlango ukiwa wazi, miguu iko nje, nikaona aibu mpaka nikalia. Laiti kazi ile ingekuwa ngumu ningekuwa na la kujitetea.

Siku arobaini zikapita, ukafika wakati wa kumrudisha. Nilikuwa nimelipangusa gari, mlango wa abiria nimeufungua mwenyewe, nimesimama kando. Mama mkwe akaja na kikapu chake kitupu. Akaufunga mlango, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Halafu akakiweka kikapu kitini, akaenda nyuma.

"Mama, mlango umetengemaa sasa," nikasema.

"Nimeona. Lakini nyumbani waliniona nikiondoka huku nyuma. Watakuwa wanaulizana nimemkosea nini mkwe wangu hata anibebe na mizigo. Mimi sina jibu la kuwapa. Utawapa wewe."

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilipoelewa nilichomfanyia. Mimi siku zote zile nilikuwa nahesabu aibu yangu: shati langu, wajomba, sifa zangu. Kumbe aibu niliipandisha kwenye bodi ya gari nikaitembeza kijiji kwa kijiji ikiwa imevaa kilemba cha mwanamke pekee aliyesimama kunitetea.

Safari hiyo ya kupanda ilikuwa ndefu kuliko ile ya kushuka. Tulipofika, watu walitoka kumpokea, na walipomwona tena nyuma wakapunguza mwendo. Baba mkwe alikuwa mbele yao.

"Mlango bado?" akauliza.

Nilishuka, nikavua kofia. "Mlango unafunguka, baba. Siku ile haukufunguka kwa sababu sikuwa nimeugusa. Uliponiuliza kwenye simu nilikudanganya. Mama hajanikosea kitu, na hajawahi. Mimi ndiye niliyemkosea, yeye na wewe na wote mlioko hapa."

Mjomba mmoja akakohoa. Mama mkwe akateremka mwenyewe, akakung'uta nguo, akasema, "Sasa nimerudi," akaingia ndani. Baba mkwe akaenda kwenye mlango, akaufungua, akakitoa kikapu, akakaa pale kilipokuwa. Akatazama mbele kupitia kioo.

"Kiti kizuri," akasema. "Angefurahi kukikalia siku ile."

Hakunifukuza. Jioni ile nilipewa chakula kama kawaida, na wajomba waliniuliza habari za Same. Miaka iliyofuata mama mkwe alipanda pikapu ile mara nyingi, akakaa dirishani, kikapu kikiwa katikati yetu. Alinipenda, hilo sina shaka nalo, na Neema alilelewa nusu kwake nusu kwetu. Lakini kila mara kabla ya kupanda aliufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, ndipo akapanda. Alifanya hivyo mpaka mwaka aliofariki. Hakuwa akinisimanga. Zamani alikuwa mtu wa kusikia nikisema akaamini, na mimi nikamfundisha kujaribu kwanza.

Mwanangu, nimefungua milango ya watu maisha yangu yote na sijui ni mingapi. Ule mmoja niliufungua wiki nzima baada ya kusema unafunguka, na huo ndio ninaoukumbuka. Kwa hiyo nakusihi: jambo ambalo hujalifanya, sema hujalifanya, hata kama utalifanya kesho, hata kama ni la nusu saa. Mtu akikuuliza, usimpe jibu la kesho ukamwambia ni la leo, kwa maana yeye ataondoka nalo, atawaambia wengine, watapanga safari juu yake, na siku likigoma hutakuwa wewe utakayekaa kwenye vumbi. Na ukishakosea, usingoje kugombezwa. Nenda pale pale watu walipoona, useme mwenyewe, kwa sauti wanayoweza kuisikia.

Mungu akujalie mikono yenye kazi na wakwe wenye subira. Akupe watu wa kukutetea usipokuwepo, na akukumbushe nyuso zao kabla hujafungua kinywa. Na siku ukimwambia mtu mlango uko wazi, aje na kikapu chake, apande, akae, asiujaribu kwanza.