Niliyoyasikia Nyuma ya Ukuta

Siku ile ya karamu sikukaa kitako tangu asubuhi. Nilikuwa mpishi mkuu wa mkahawa mmoja wa Mji wa Kale, na jioni hiyo ukumbi wetu wa juu ulikuwa wa kamati ya akina mama waliokuwa wakichangisha kwa ajili ya nyumba ya kuwahifadhi wanawake wanaopigwa na waume zao. Mwenye mkahawa, mjane wa Kihindi asiyependa maneno mengi, aliwapa ukumbi bure na kuniambia tu, "Bibi, leo usituaibishe."

Kupika hakukunitia hofu. Biriani ya watu themanini nimeipika mara nyingi. Kilichoninyima utulivu ni msemaji. Kamati ilitaka mwanamke mmoja asimame aeleze yaliyomkuta, na mimi ndiye niliyewatafutia.

Alikuwa jirani yangu Ganjoni kwa miaka sita, tukitengwa na ukuta mmoja. Mtu wa bara, karani wa kampuni ya malori kule Shimanzi, wa umri wa binti yangu wa kwanza. Mumewe alikuwa akimpiga. Nilijua kwa kishindo cha kiti, na kwa mtoto aliyekuwa akilia kisha akanyamaza ghafla. Nilipoyasikia hayo nilikuwa nikiongeza sauti ya redio. Hata siku moja akaondoka na watoto wake wawili, nami nikashusha pumzi kama kwamba ni mimi niliyehama.

Tulikuja kukutana tena Marikiti, akichagua nyanya. Alikuwa amepanga chumba hapo nyuma ya soko. Nilipomweleza habari ya karamu aliitikia, "Sawa, mama," upesi mno. Upesi ule ndio ulionikaa rohoni.

Saa tisa nilimpigia simu, hakushika. Saa kumi vilevile. Nilionja mchuzi, nikaonja tena, nikashindwa kujua kama una chumvi. Mwishowe nikamwachia mpishi mwenzangu masufuria, nikachukua tuktuk hadi kwake.

Nilimkuta akipiga pasi gauni la buluu. Lilikuwa limeshanyooka, lakini mkono wake ulizidi kwenda na kurudi palepale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, mbona simu hushiki?"

Akanionyesha karatasi iliyokuwa kitandani. Kamati ilikuwa imempangia maneno: aanze na mkono uliovunjika, aje kwa watoto, amalizie kwa kuwashukuru wafadhili.

"Mkono wangu wanautaka kabla ya chakula," alisema. "Nimesimulia polisi. Nimesimulia hospitali. Nimesimulia wazee wa kanisa, tena mara mbili, maana mara ya kwanza hawakuniamini. Kila nikimaliza, usingizi unanipaa wiki nzima. Leo sisimulii."

"Basi usije. Nitawaambia unaumwa."

"Siumwi, na nitakuja. Nataka kula." Akaizima pasi. "Miaka sita, mama, nilikuwa nikinusa mapishi yako. Wewe unasikia mambo yangu, mimi nanusa biriani yako."

Sikuwa nikijua kwamba alijua. Nadhani alilisoma hilo usoni mwangu.

"Kwani redio yako ilikuwa haisikiki kwangu?" aliuliza, bila ukali. "Wanataka msemaji? Sema wewe. Hata wewe ulikuwepo."

Nilirudi Mji wa Kale nikiwa na joto la homa. Mwenyekiti wa kamati alinipokea ngazini, karatasi mkononi.

"Yuko wapi?"

"Atakuja, lakini kama mgeni. Hatasema."

"Bibi, watu wamekuja kumsikia aliyepona."

"Nitasema mimi," nikamjibu, na papo hapo nikatamani ulimi wangu ungekatika.

Wageni walijaa baada ya isha. Alikuja na gauni lake la buluu, akakaa meza ya dirishani, watu wasimjue. Mimi nikaitwa. Nilipanda na aproni yangu, nikashika mgongo wa kiti.

"Mimi sikupigwa," nilianza. "Mimi nilikuwa jirani."

Nikawaeleza habari ya redio. Kisha nikawaeleza jambo ambalo sikuwa nimemwambia yeyote, hata marehemu mume wangu. Mchana mmoja jirani yangu alinigongea mlango, akaomba limau. Nikampa. Akalishika, asiondoke. Mdomo wake ulikuwa umevimba upande mmoja. Alikuwa akingoja nimuulize. Nikamwambia vitunguu vyangu vinaungua, nikafunga mlango.

"Havikuwa vikiungua," niliwaambia. "Sikuwa hata nimewasha jiko."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja wa meza ya mbele aliweka gilasi yake chini taratibu, kama aliyeogopa kuipasua. Mwenyekiti akasimama haraka, akanishukuru kwa sauti kavu, akawakaribisha watu chakula. Mmoja tu ndiye aliyekuwa ameshaanza: pale dirishani, mtu alikuwa akimalizia sambusa ya tatu.

Jikoni sikuweza kusimama mahali pamoja. Nilipakua, nikafuta meza iliyokwishafutwa. Mama mmoja aliyevaa lulu akaja kunishika mkono. "Kwetu, nyumba ya pili kutoka kwangu..." alianza.

"Nenda kesho," nikamwambia. "Usingoje akugongee."

Aliitikia kwa kichwa, akatoka. Sijui kama alikwenda.

Watu walipoanza kuondoka nilimfungia jirani yangu biriani ya watoto, nikamsindikiza hadi barabarani. Njiani nilikuwa nikiyapanga maneno, na yote yakanitoroka.

"Nisamehe," nilisema tu.

Alikihamisha kifurushi kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Nimekusikia, mama," alisema. Nilingoja aongeze neno. Tuktuk ikasimama, akaingia. "Biriani ya nyama imeiva vizuri. Ile ya kuku ndiyo ilizidi chumvi kidogo."

Nikabaki nimesimama kando ya njia. Nilikuwa nimetazamia kwamba nikishasema nitatua mzigo. Kumbe nilichokifanya ni kuufungua tu, nione ukubwa wake.

Kamati haikunialika tena, ingawa nasikia nyumba imepatikana na ina wakazi. Tukikutana Marikiti tunaamkiana. Namuuliza habari za watoto, naye hunieleza: mkubwa ameanza sekondari, mdogo ni mtundu. Kwake sijakaribishwa, nami sijaomba. Ila mwezi uliopita alinipigia simu mwenyewe, akaniuliza rojo ya biriani huwekwa maziwa lala kabla ya nyama au baada. Nikamweleza hatua kwa hatua, nikizunguka chumba kizima na simu sikioni, hadi aliposema asante, akakata.