Kapteni Amekufa

Afadhali niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia sokoni Mweiga: mimi, mwanamke mzima wa kanisa, nilimlilia mtu wa televisheni hadi nikawekewa matanga.

Marehemu mume wangu, Kariuki, alipenda kipindi kimoja cha watu wanaosafiri angani. Alianza kukitazama akiwa kijana, picha zikiwa nyeusi na nyeupe na chombo kikining'inia kwa uzi (uzi wenyewe ulionekana), na kapteni wa siku hizo alimpiga risasi kila aliyekutana naye. Zikaja rangi, akaja kapteni mwingine wa mizaha, kisha kipindi kikapotea miaka mingi, na kiliporudi picha zilikuwa safi na kapteni alikuwa mzee mpole anayewaomba adui zake msamaha. Kila kapteni akifa, anayemfuata hupewa jina lilelile. Mimi nilisema huo ni udanganyifu. Kariuki akaniambia, "Si ni kama sisi? Babu anazeeka, mjukuu anapewa jina lake, anaitwa yeye."

Tulipomzika sikutoa chozi, na watu waliona.

Miezi michache baadaye nilienda Nyeri mjini kununua dawa ya ng'ombe, nikaingia hoteli kunywa chai, na pale ukutani kipindi hicho kilikuwa kinaonyeshwa. Ningekunywa nikaondoka. Nikaamua nitazame kidogo tu. Yule kapteni mpole akafa, msichana mmoja akasimama mahali pake akapewa jina, nami nikakumbuka kwamba mimi na Kariuki hatukujaliwa mtoto, kwa hivyo hakuna wa kuitwa yeye, na hapo nikapiga yowe ambalo sikujua ninalo.

Mzee Idi, mwenye hoteli, akaja akaniuliza ninamlilia nani.

"Kapteni amekufa," nikasema.

Wanaume wakavua kofia (na mimi, Mungu anisamehe, nikashindwa kuwasahihisha), na jirani yangu mmoja aliyekuwa pale akapiga simu kijijini kwetu kwamba nimefiwa.

Nilipofika kwangu, viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa uani, akina mama wa kanisa wanaimba, na Mama Shiro, mwenyekiti wao, akaniuliza polepole mwili uko kambi gani ya jeshi.

"Ni kapteni wa televisheni," nikasema.

Wimbo ukakatika. Mmoja alicheka hadi chai ikampalia. Mama Shiro hakucheka.

"Ati televisheni? Na Kariuki haukumlilia."

"Sikuweza."

"Basi keti. Tuko na chai, tuko na viti. Tuambie alikuwa mtu wa aina gani."

Nikaketi, nikawasimulia, nikalia, nikaendelea kusimulia hadi ng'ombe wakaanza kudai kukamuliwa. Aibu haijaisha, maana sokoni bado wananiuliza kama kapteni alizikwa vizuri. Lakini nimeapa: nikiulizwa tena ninamlilia nani, sitatafuta jina la mtu mwingine. Nitasema Kariuki.