Miguu Mitatu ya Kwenda Nayo Walikale

Umeniuliza, mwanangu, uchukue miguu ipi ya kusimamishia kamera yako kubwa ya sanduku, kwa kuwa unataka kutembea nayo milimani. Nikikujibu kwa neno moja utalisahau kabla ya kufika Mweso. Basi sikiliza siku ninayoikumbuka, ya miaka ya hamsini, nilipokuwa kijana niliyeacha shule mapema kwa sababu njia zilinivuta kuliko ubao.

Nilimfuata Papa Serafini, mpiga picha wa kuzunguka vijijini, nikimbebea vyombo. Miguu yake ya zamani ilikuwa ya mti mzito, ilinichubua bega toka Kirotshe hadi Masisi. Yeye alitangulia akipiga mluzi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Miguu hiyo ilipovunjika, alinipeleka kwa seremala aliyekuwa na miguu ya aina mbili.

"Weye njo utabeba," akaniambia, yaani mimi ndiye mbebaji. "Chagua."

Wahenga wanasema mchagua jembe si mkulima. Sijui, wao hawakulibeba jembe lao hadi Walikale. Niliinua hii, nikainua ile, nikachukua iliyo myepesi zaidi, myembamba, ya vipande vitatu vinavyoingiana. Ile nyingine, ya vipande viwili na minene kidogo, niliiacha. Papa Serafini akalipa, tukaondoka.

Tukashuka msituni, na bega langu likafurahi. Katika kijiji kimoja cha Walikale, mjane aitwaye Mama Sifa alikuwa akimwoza binti yake. Alitaka picha moja: yeye katikati ya wanawe wawili, wawindaji, ambao hawakusalimiana tangu walipogombania mtego. Baada ya harusi kila mmoja angerudi kwake, na nani angewakutanisha tena? Mkubwa alikubali kwa shingo upande.

"Mi nasimama karibu na huyu muntu mara moja tu. Ikiharibika, naenda."

"Na mi sitaki harufu yake," akajibu mdogo.

"Munyamaze, batoto," akasema mama. "Picha haina pua."

Kamera ile haikumaliza kazi kwa kufumba na kufumbua. Kwenye mwanga hafifu wa msituni ulifungua lenzi ukahesabu taratibu, na kila kitu kilipaswa kutulia. Nilivuta miguu hadi mwisho, nikaweka kamera juu. Upepo wa mvua ukaanza. Papa Serafini akaingia chini ya kitambaa cheusi, akatoka, akaniita nitazame kioo cha nyuma. Mama na wanawe, vichwa chini kama ilivyo kawaida ya kioo kile, walikuwa wakitetemeka kama watu walio ndani ya maji.

"Ulipima na bega tu," akaninong'oneza. "Pale kwa fundi ungeweka kamera juu yake, ugonge na kidole, uangalie kama inatulia mbio. Sasa picha itaharibika, na hawa watatengana juu ya bega yako."

Akarudisha ndani vile vipande vyembamba vya chini, kamera ikashuka hadi kiunoni. Akanituma mawe mtoni, akayatia katika kapu, akalitundika katikati ya miguu. Mtetemo ukaisha. Lakini kamera ilikuwa chini, na waliosimama walikatwa vichwa kiooni. Ikabidi waketi, na kiti kilikuwa gogo moja fupi. Mikono ya wale ndugu haikupata mahali ila mgongoni mwa mama, mmoja juu ya mwingine.

"Unanikanyaga mguu."

"Niuweke wapi? Kwa kichwa yako?"

Mama alicheka, akajizuia. Papa Serafini akafungua lenzi, akahesabu, akafunga. Sikukaa huko nijue kama walipatana. Najua kwamba lenzi ilipofungwa, hakuna aliyekuwa wa kwanza kuondoa mkono.

Kwa hiyo, mwanangu, chagua miguu ya viungo vichache, yenye ncha za chuma za kushika matope, na uijaribu ukiwa umeweka kamera juu yake. Ikiwa myepesi na bado migumu, ichukue. Uzito usiubebe; mawe yapo katika kila kijito. Ugumu huwezi kuuokota njiani. Na usinyanyue kamera juu kuliko inavyohitajika, hata watu wakikuambia wanataka kusimama.

Mungu akupe mabega yasiyochubuka na njia zisizokatika, na kila atakayeketi mbele ya lenzi yako apate wa kuketi naye.